Taa kali si dawa ya ajali za bodaboda

Kila ajali ya bodaboda itokeapo usiku, lawama humwangukia mwendeshaji: alikuwa mlevi, alikuwa na pupa, hakufunzwa. Sikatai kwamba wapo wa aina hiyo. Hata hivyo, yuko mshtakiwa mwingine ambaye hatujamfikisha kizimbani. Huyo ni taa ya mbele ya pikipiki.

Nchi yetu imepitiwa na Ikweta, hivyo usiku wetu huchukua takribani saa 12 mwaka mzima. Mwenye kutafuta riziki kwa pikipiki hana budi kufanya kazi gizani. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Ukijumlisha muda wa kushtuka na wa kufunga breki, zahitajika mita 50 hivi ili isimame. Taa isiyomulika umbali huo humfanya mtu ayatangulie macho yake.

Waendeshaji wengi wamelitambua tatizo hili, nao wamejitafutia dawa: taa za LED za bei nafuu zenye mwanga mweupe mkali. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Kiakisi kilicho ndani ya taa huundwa kulingana na mahali hasa balbu yake inapowakia. Ukitia balbu ya umbo jingine, mwanga hutawanyika ovyo na kuwapofusha wajao, ilhali barabara yabaki na giza. Aidha, abiria wawili wapandapo, sehemu ya nyuma hudidimia na taa ya mbele huelekea juu, machoni pa watu.

Katika lugha yetu, kitenzi 'kuona' huzaa 'kuonekana', kisha 'kuonana'. Barabarani hayatoshi mawili ya kwanza, sharti tuonane. Taa inayompa mmoja macho kwa kumnyang'anya mwenzake haijamwokoa yeyote, kwani aliyepofushwa ndiye atakayemgonga.

Yawezekana nikajibiwa kwamba mnyonge hana fedha za matengenezo. Lakini kulenga taa kwahitaji bisibisi, ukuta na mahali tambarare tu. Pikipiki ielekezwe ukutani kutoka mita chache, ikiwa imekaliwa kama ilivyo kazini, na mwanga wa chini uangukie chini kidogo ya kimo cha taa. Kioo kifutwe vumbi, nyaya zilizolegea zikazwe, na balbu iliyochoka ibadilishwe kwa ile iliyokusudiwa na mtengenezaji.

Yasiyo katika uwezo wa mwendeshaji ni wajibu wa serikali. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lizuie taa duni zisifike madukani. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), badala ya kungoja misako, ishirikiane na vyama vya bodaboda kuwapeleka mafundi vituoni jioni wakazilenge taa hizo bila malipo. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wazibika kwa bisibisi.