Si Kila Kelele ni ya Shetani

Mtu wa Nakuru ana masikio makali akitaka. Panda naye matatu ya Free Area pale tao, dereva aweke ngoma, na kabla hamjafika Section 58 ameshakwambia hii ni benga ya Wajaluo, hii ya Wakalenjin, na hii nayo si benga, ni mugithi. Lakini gitaa likianza kukwaruza na mwimbaji akanguruma, msee huyo huyo anabaki na neno moja tu: shetani.

Huo ni uvivu, na kuna watu wanaulipia. Mwaka 1994 serikali ya Moi iliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, na ripoti yake ikatangazwa 1999. Wengi wetu tulilelewa ndani ya hofu ile. Ndiyo maana mpaka leo kijana akivaa fulana nyeusi yenye fuvu anapelekwa kuombewa kabla mtu hajamuuliza anasikiliza nini.

Basi tuulize. Thrashi ni mbio: gitaa linakatwakatwa, ngoma zinakimbia, na mara nyingi maneno ni ya vita, siasa na pesa za wakubwa. Dumu ni kinyume chake, pole pole kama mazishi, noti moja inadumu hadi kifua kinatetemeka. Dethi ina nyuzi zilizolegezwa chini kabisa na sauti ya kukoroma kutoka tumboni. Blaki hupiga kelele nyembamba juu ya gitaa lenye ukungu. Grindi haina muda wako: wimbo wa Napalm Death, "You Suffer", unaisha kwa sekunde moja na kidogo. Metalikoo, waliyopiga Last Year's Tragedy wa Nairobi, huchanganya metali na panki, kisha mwendo unavunjika ghafla na umati unarukaruka.

Utaniambia kuna vijana wa blaki huko Norway waliochoma makanisa miaka ya tisini. Ni kweli, walichoma. Lakini kumbebesha mtu wa dumu kesi hiyo ni sawa na kumshtaki mwimbaji wa mugithi kwa makosa ya mtu wa benga, eti wote wana gitaa.

Na chanzo chenyewe? Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa kiwanda cha vyuma Birmingham. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Uzito wa sauti ile ulitoka kwenye jeraha la kazini. Mtu yeyote anayefanya kibarua Industrial Area hapa kwetu anaielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Sasa njoo nyumbani. Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliunda Duma. Mswahili akisikia jina hilo anamwona mnyama mwenye mbio, lakini wao walimaanisha giza, kwa Kikuyu. Walichanganya grindi na mashine za kielektroniki, na albamu yao ikatolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala, si Nairobi wala Nax! Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa *The Adept*, akimuenzi nyanya wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau.

Wakoloni nao waliwaita Mau Mau watu wa giza. Walisikia viapo wasivyovielewa, wakaviita vya shetani, wakafunga mjadala. Sisi wajukuu tunarudia mchezo ule ule juu ya watoto wetu.

Hakuna anayekulazimisha kupenda. Lakini kabla hujampigia pasta simu, sikiliza nyimbo tatu za aina tatu, mpaka mwisho. Ukichukia baada ya hapo, sawa, ila ujue unachochukia kinaitwaje.