Nikirudishwa, Nitampigia Nani Simu?

Kinyozi wangu ni mkimbizi. Sitataja jina lake, nchi aliyotoka wala mtaa aliko, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Oktoba 2024, siku chache baada ya wikendi ya Mashujaa, nilikuwa kwenye kiti chake akininyoa huku redio ikisoma habari. Serikali ilikuwa imekiri kwamba wakimbizi wanne kutoka Uturuki waliokuwa wakiishi hapa Kenya wamerudishwa kwao. Lakini tusiwe na wasiwasi. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema Uturuki imetoa hakikisho kwamba wanne hao watatendewa kwa heshima, kulingana na sheria za nchi na za kimataifa.

Akazima mashine. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hiyo hakikisho, mimi nikirudishwa na wakinipiga, nitampigia nani simu niseme imevunjwa?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, nimesoma kesi na mikataba, na sasa naweza kumwambia: hakuna wa kumpigia. Ndiyo maana serikali hupenda sana barua hizi.

Sheria yenyewe haina utata. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1997. Kifungu cha 3 kinakataza kumrudisha mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu za kutosha kuamini kwamba atateswa. Hakuna "isipokuwa kama ni rafiki yetu." Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza pia kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Katiba, Kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa hata kidogo. Sasa ukitaka kumtoa mtu na sheria zote hizi zimekuzibia njia, unafanyaje? Unaomba barua.

Hebu tuitazame hiyo barua. Uturuki ilijiunga na mkataba huo huo mwaka 1988. Yaani ilishaahidi, mbele ya dunia nzima, kwamba haitatesa mtu. Kama inaitimiza ahadi hiyo, barua ya Nairobi ni ya nini? Na kama haiitimizi, barua ya pili itasaidia nini? Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imeamua mara nyingi kwamba Uturuki ilikiuka marufuku ya mateso. Ukifika mahali unataka yaya akuandikie kwamba hatampiga mtoto wako, jibu unalo tayari. Usimwachie mtoto.

Watu watasema mimi ni kijana wa mtandaoni, sijui diplomasia. Sawa. Tuiangalie Sweden, nchi yenye sifa nzuri kuliko yetu. Desemba 2001 iliwakabidhi Wamisri wawili, Ahmed Agiza na Mohammed Alzery, wakasafirishwa hadi Cairo kwa ndege ya Wamarekani wakiwa wamefunikwa vichwa. Sweden ilikuwa na hakikisho la Misri mkononi. Balozi wake alienda kuwaona kwa mara ya kwanza wiki tano baadaye, maofisa wa gereza wakiwa hapo hapo. Agiza alilalamika kwamba alikuwa ametendewa vibaya. Sehemu hiyo ya ripoti ikafichwa. Miaka kadhaa baadaye, vyombo viwili vya Umoja wa Mataifa viliamua kwamba Sweden ilivunja sheria, na mwaka 2008 ikawalipa fidia.

Hapo ndipo utaona shida ya hii kitu. Aliyetoa ahadi hatakubali ameivunja. Aliyeipokea naye hataki kujua, maana akikiri kwamba mtu ameteswa, anakiri pia kwamba yeye ndiye aliyempeleka. Serikali zote mbili zina sababu ya kunyamaza. Wa tatu, ambaye mwili wake ndio unaozungumziwa, hakutia sahihi popote na yuko ndani, mlango umefungwa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Nchi nyingi hukubali kumkabidhi mshukiwa baada ya kuahidiwa kwamba hatahukumiwa kunyongwa, na ahadi hizo mara nyingi hutimizwa. Ni kweli, kwa sababu hukumu ya kifo hutolewa mahakamani na kila mtu anasikia. Mateso hufanywa chumbani, na anayetesa hujifunza kutoacha alama.

Kuna pia kesi ya Abu Qatada, ambaye Uingereza ilimrudisha Jordan mwaka 2013. Mwaka 2014 mahakama ya Jordan ilimwachilia. Lakini uliza ilichukua nini: miaka ya kesi, mahakama ya Ulaya kuzuia safari mwaka 2012, na mkataba mzima ulioandikwa na kuchapishwa. Hapa kwetu, watu saba walitekwa Nairobi Ijumaa tarehe 18 Oktoba. Jumatatu, taarifa ya serikali ilikuwa tayari imetoka, na wanne walikuwa wameshaenda. Jaji gani aliisoma hiyo barua kabla ndege kuruka? Wakili gani?

Sisi tulioingia barabarani Juni 2024 tunajua kutekwa ni nini. Tunajua magari hayo, na tunajua kutafuta mwenzako kituo baada ya kituo ukiambiwa hayupo. Tulipiga kelele, na ilisaidia kwa sababu tulikuwa na mama, shangazi na wafuasi mtandaoni. Mkimbizi ana karatasi tu, aliyopewa na nchi hii hii ikimwambia uko salama.

Kwa hivyo ninadai hivi. Palipo na hatari ya mateso, hakikisho lisikubaliwe kabisa. Na serikali ikidai kwamba hatari hiyo haipo, ithibitishe mbele ya jaji, mhusika akiwepo na wakili wake, kabla ya uwanja wa ndege. Muulize mbunge wako anasimama wapi. Muulize kabla hajakuja kukuomba kura.

Kinyozi wangu siku hizi anafunga mapema, kabla ya giza. Nambari ya wakili ameibandika nyuma ya kioo. Juzi nilimwomba aniandikie na mimi, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, pamoja na jina lake kamili, ambalo kwa miaka minne yote sikuwa nalijua. Asipofungua kibanda asubuhi moja, mimi ndiye nitakayepiga.