Shoka mkononi mwa mzee



Msimu wa korosho ukishapita na mikorosho mikongwe ikapogolewa, nyua nyingi za Masasi na Newala hujaa matawi na magogo. Hizo ndizo kuni za miezi ijayo. Mgeni hudhani kuwa shida ya kuni ni kuzipata. Lakini penye mashamba ya mikorosho na miembe, kazi iliyo nzito ni kuzichanja. Na mara nyingi anayezichanja ni mzee aliyevuka miaka 60, kwa kuwa wanawe wamehamia Mtwara mjini au Dar es Salaam, wakamwachia wajukuu ambao bado hawajawa na umri wa kushika shoka.

Gogo lisilochanjwa halikauki upesi. Likitiwa figani likiwa nene na bichi, hufuka moshi, nao moshi huo huingia machoni na kifuani mwa bibi anayepika na mjukuu aliyekaa kando yake. Kwa hiyo mzee anayeshindwa kuchanja kuni hapungukiwi na kuni tu, bali hupungukiwa na afya.

Mabega hudhoofika, ila ujuzi hubaki. Kijana huinua shoka juu ya kichwa na kupiga katikati ya gogo kwa kishindo. Mzee aliyezoea huligeuza kwanza, akautafuta ufa uliofunguliwa na jua, kisha huanzia pembeni, akibandua ubapa mmoja mmoja mpaka kiini kiwe chembamba. Lenye fundo huliweka kando, liingie zima katika moto wa shughuli. Miti migumu ya miombo huichanja ikiwa bado mbichi, kwa maana ikikauka huwa kama mfupa. Penye ugumu hutia kabari na kuigonga kwa nyundo. Tena hukata vipande vifupi, kwani kifupi hupasuka bila ubishi.

Kigogo cha kuchanjia kiwe imara, na kimo chake kikaribie goti, ili shoka likikosea lipige mti, lisifike kwenye ugoko. Mpini uchunguzwe kila mara usije ukalegea. Miguuni pawe na viatu vilivyofunika vidole, si kandambili, na wajukuu wakae mbali na vibanzi vinavyoruka. Saa njema ni baada ya Alfajiri, kabla ya jua kali. Na mtu aache angali na nguvu, kwa sababu ajali nyingi hutokana na lile pigo moja la mwisho la mtu aliyekwisha kuchoka.

Ipo Hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) inayofundisha kuwa ni bora mtu achukue kamba yake, abebe mzigo wa kuni mgongoni na kuuuza, kuliko kuwaomba watu. Wazee wetu wameishi kwa mafunzo hayo, ndiyo maana wengi huona haya kumwambia mtoto kwamba kuni zimewashinda. Lakini nimesikia vijana wakiitaja Hadithi hiyo kana kwamba inawapa wao ruhusa ya kukaa kitako. Haiwahusu hivyo. Inamfunza mwenye uwezo asiombe. Haimwondolei mtoto wajibu wa kumtazama mzazi wake kabla hajaombwa.

Bibi mmoja jirani yetu, mjane, aliletewa na mwanawe mkokoteni wa kuni zilizokwisha kuchanjwa. Alishukuru, kisha akasema: “Mwanangu, safari nyingine niletee shoka jepesi.” Nadhani alisema kweli mbili kwa pamoja: kwamba lile la zamani limemzidi uzito, na kwamba hataki kufanywa mgeni katika ua wake mwenyewe. Kumnyang’anya mzee shoka moja kwa moja ni kumwambia kuwa siku zake za kazi zimekwisha, na si kila mzee huistahimili habari hiyo.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema, na mwenye uwezo wa kumnunulia mama yake jiko la gesi na kulijaza mtungi lisipoishia njiani asingoje mwaka huo. Wengi hutuma fedha kwa simu wakaona wamemaliza. Fedha hizo huliwa na unga na sukari. Magogo hubaki pale pale uani.

Basi anayerudi nyumbani kwa Idi akae siku moja zaidi. Achanje magogo manene na yenye mafundo, ayapange chini ya paa, juu ya vigingi, yasinyonye unyevu wa ardhi. Vijiti vyembamba vya kuwashia moto amwachie mama, pamoja na shoka dogo lililonolewa, mpini wake umekatwa kwa kipimo cha mkono wake.