Safari ya tramu na somo la reli

Watoto wengi hupenda treni, lakini si kila mzazi anamudu nauli ya safari ndefu. Kwa familia iliyopo Portland, Marekani, tramu inatosha. Treni hii ndogo ya umeme, inayopita barabarani pamoja na magari, ilianza kazi mwaka 2001.

Matembezi yaanzie stesheni ya Union, iliyofunguliwa mwaka 1896 na yenye mnara wa saa. Kutoka hapo si mbali kwa miguu hadi jengo la Golden West. Kuanzia 1906 hadi 1931 lilikuwa hoteli ya watu weusi, wakiwemo wapagazi wa treni, waliokataliwa katika hoteli nyingine za jiji.

Baada ya hapo familia ipande tramu katika mtaa wa Pearl, ambako maghorofa yamesimama palipokuwa na yadi ya mabehewa. Tramu hukatiza katikati ya jiji na kuvuka mto Willamette kwa daraja la Tilikum, lisiloruhusu magari binafsi.

Ng'ambo kuna makumbusho ya reli, inakotunzwa injini ya mvuke namba 4449 ya mwaka 1941. Watoto wataishangaa. Hapo mzazi aulize: mizigo ya abiria ilibebwa na nani, na mbebaji alilala wapi?

Injini ina mafundi wa kuitunza. Habari za wapagazi hutunzwa na mzazi anayezisimulia.