KUTOKA MEZA YA KARANI: Wazee Walikuwapo, Lakini Daftari Halikuwapo



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani halikufika vijijini kwetu, na leo limefika: ndoa ya mtoto wetu aliye nchi ya mbali, na mwenzake si mtu wa kwetu. Nitasema habari za Thailand, maana ndiko lilikotoka swali lililonitaabisha katika mwaka 2025. Nawe msomaji usiye na mtoto huko, usifunge gazeti. Leo ni mtoto wa jirani, kesho yaweza kuwa wako.

Asubuhi moja baada ya Misa, mzee mmoja mkulima wa kahawa aliingia ofisini kwangu akicheka. Yeye huniita Mwalimu, kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kukalia meza hii ya parokia. "Mwalimu," akasema, "njoo uone arusi ya kijana wangu." Akanipa simu ya mjukuu wake.

Nikaona picha. Kijana wetu, niliyemfahamu tangu akitumikia altareni, amepiga magoti karibu na msichana wa Kithai. Vichwani mwao kuna uzi mweupe unaowaunganisha, na wazee wanapita mmoja mmoja kuwamiminia maji mikononi kwa gamba la kome wa baharini. Asubuhi ile watawa wa Kibudha walikuwa wamekuja kusali. Picha nyingine ilionyesha fedha na dhahabu juu ya sinia, mbele ya wazazi wa msichana. Hayo ni mahari, nao wenyewe huyaita sinsod. Mzee alifurahi mno. "Kumbe nao wanatoa mahari! Basi ni watu kama sisi."

Nikamwuliza, "Baba, je, wameandikishwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Wameandikishwa nini tena, Mwalimu? Mahari yametolewa, wazee wa pande zote walikuwapo, maji yamemiminwa. Na mtoto wamepata, sasa ana miaka miwili. Ndoa ni nini zaidi ya hayo?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye fundo. Sisi Tanzania Bara tumezoea jambo moja. Padre mwenye leseni ya Serikali akifungisha ndoa kanisani, cheti cha Serikali huandikwa siku ile ile, maharusi na mashahidi wakatia sahihi, na habari hupelekwa kwa Msajili. Kwa hiyo kwetu ndoa ya kanisani na ndoa ya Serikali zaonekana kama kitu kimoja. Thailand sivyo. Sheria yao yasema kwamba ndoa huwa ndoa siku inapoandikwa katika daftari la Serikali, basi. Watawa wa Kibudha waweza kusali, wazee waweza kumimina maji, hata Padre wa Kikatoliki aweza kubariki ndoa kanisani huko. Bila daftari, mbele ya sheria wale wawili si mume na mke.

Na ubaya wake ni nini? Ni huu. Kwa sheria ya Thailand, mtoto aliyezaliwa na wazazi wasioandikishwa ni mtoto halali wa mama yake peke yake. Baba hana haki juu yake mpaka aandikishe ndoa na mama huyo, au aandikishwe kuwa baba wa mtoto, au mahakama iamue. Tena mume asiyeandikishwa hahesabiwi kuwa mrithi wa mkewe, wala mke wa mumewe.

Nilipomweleza mzee hayo, kicheko kilimtoka. Ndipo akaniambia jambo alilokuwa amelificha: mkwewe alikuwa amelazwa hospitali tangu majuma mawili, naye kijana alikuwa akilala ukumbini hospitalini na mtoto mapajani. "Kwa hiyo, Mwalimu, huyu binti akifa, mwanangu si baba wa mtoto wake?" Sikuwa na neno tamu la kumpa. Nilimwambia, "Baba, tuombe apone, na karatasi tuzianze leo."

Sasa nitaungama kosa langu, ili lisiwe lako. Siku ile ile niliandika barua nzuri: kwamba kijana amebatizwa parokiani kwetu, na kwamba hajafunga ndoa kanisani. Nikagonga muhuri wa parokia, tukaituma. Barua ilirudi bila kufaa kitu, kwa sababu mbili. Kwanza, barua ya parokia ni ushahidi kwa Kanisa. Ofisi ya Serikali ya Thailand yataka neno la Serikali ya kijana. Pili, nilimwandika Yohane, kama lilivyo Kitabu cha Ubatizo, na pasipoti yake yasema John. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa karani wa ng'ambo ni watu wawili. Ilimbidi mzee aende kwa wakili kupata kiapo cha majina, tukapoteza miezi miwili. Hiyo miezi miwili mkwe alikuwa mgonjwa, nami sikulala vizuri.

Basi hii ndiyo njia iliyo sawa. Ikate kwa mkasi, umpelekee anayeihitaji.

Kwanza, Mtanzania aombe kwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, hati ya kwamba hakuna pingamizi la yeye kuoa au kuolewa. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imeliweka jambo hili kwa ajili ya raia anayetaka kufunga ndoa nchi nyingine. Kabla ya kuomba, linganisha majina katika cheti cha kuzaliwa na pasipoti, herufi kwa herufi.

Pili, aende kwa ubalozi wa nchi yake unaohudumia Thailand, apate hati yenye kiapo kwamba yu huru kufunga ndoa. Thailand humtaka mgeni hati hiyo.

Tatu, hati hiyo itafsiriwe kwa Kithai, kisha ipelekwe Idara ya Mambo ya Kibalozi katika Wizara ya Mambo ya Nje huko Bangkok, igongwe muhuri wa kuthibitisha.

Nne, wawili hao waende pamoja ofisi ya wilaya, ambayo Wathai huiita amphoe. Mjini Bangkok huitwa khet. Mgeni huchukua pasipoti na hati zake. Mthai huchukua kitambulisho chake na kitabu cha nyumba, ambamo watu wa nyumba huandikwa. Wawe na mashahidi wawili, na mkalimani kama mgeni hajui Kithai. Aliyewahi kuachana na mwenzi alete hati ya talaka. Mwanamke aliyefiwa au kuachana na mume husubiri siku 310 kabla ya kuolewa na mwanamume mwingine, isipokuwa amekwisha kujifungua, au anarudiana na mume yule yule, au cheti cha daktari kinaonyesha kuwa hana mimba, au mahakama imeruhusu. Tangu Januari 2025 umri wa kufunga ndoa huko ni miaka 18, si 17 kama zamani. Na mwenye mke au mume tayari haandikishwi.

Tano, wakimaliza hupewa vyeti viwili vinavyofanana, kila mmoja chake. Wasiviache chini ya godoro. Kitakacholetwa Tanzania kitafsiriwe, kithibitishwe na Wizara ile ile ya huko, kisha na ubalozi. Ndipo aweza kuomba kwa Msajili Mkuu wa RITA ndoa hiyo iandikwe na huku. Sheria yetu huikubali ndoa ya nje ikiwa ilifungwa kwa taratibu za nchi ile, wote wawili walikuwa na haki ya kuoana, na waliridhia kwa hiari.

Je, kama wanapenda kufungia ndoa huku nyumbani? Yawezekana. Taarifa itolewe siku 21 kabla, na Mthai alete hati kwamba yu huru. Baadaye cheti chetu kitafsiriwe kwa Kithai na kuthibitishwa, ili Mthai aiandikishe ndoa katika daftari la hali ya jamaa kwenye ofisi ya wilaya ya kwao. Asipofanya hivyo, kwao vitabu vitaendelea kumwonyesha kama hajaoa au hajaolewa.

Sasa upande wa Kanisa, maana wengi wataniuliza. Mkatoliki anayetaka kuoana na asiyebatizwa, mathalan Mbudha, yu chini ya kizuizi kinachoondolewa na Askofu kwa ruhusa yake. Mkatoliki huahidi kuishika imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake huambiwa ahadi hiyo waziwazi, wala hashurutishwi kubatizwa. Ndoa ya daftari peke yake haitoshi kwa Mkatoliki mbele ya Kanisa. Lakini aliyekwisha kuandikishwa asione haya kumwendea Paroko; ndoa yake yaweza kutengenezwa, na mapadre wapo Thailand pia, ingawa Wakatoliki huko ni wachache. Ikiisha kufungwa, parokia ile huleta habari kwetu, nasi tunaiandika ubavuni mwa jina lake katika Kitabu cha Ubatizo.

Mwataka kujua mwisho wa mzee wetu. Mkwe alipona, Mungu ashukuriwe. Siku moja mzee akaja na nakala ya cheti pamoja na tafsiri, uso umekunjamana. "Mwalimu, wameharibu! Tazama mwaka: 2568. Mwaka huo hata mjukuu wangu atakuwa kaburini!" Nami nilidhani ni kosa, nikashika kalamu kuandika malalamiko. Kabla ya kuipeleka barua nikauliza kwanza, safari hii nilikuwa nimejifunza. Kumbe Wathai huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, nayo yatangulia yetu kwa miaka 543. Toa 543 katika 2568, utapata 2025. Cheti kilikuwa sawa kabisa. Na kwa ndoa ile iliyoandikwa, yule mtoto akawa na baba mbele ya sheria.

Mzee alikaa kitambo akikitazama kile cheti chenye maandishi asiyoyajua. Kisha akasema, "Maji walimiminiwa na wazee, na mimi sikuwapo. Lakini karatasi hii nimeifanyia kazi." Akaikunja polepole, akaitia mfukoni mwa shati.

Katika Kitabu cha Ubatizo, ubavuni mwa jina la Yohane, bado hapajaandikwa kitu. Kijana amekwisha kwenda kwa Paroko wa huko, na maombi yake yako njiani. Nafasi yake nimeiacha.

Wazazi wenzangu, mtoto akiwaletea picha za arusi kutoka mbali, furahini, pigeni vigelegele. Kisha muulizeni kwa upole: "Mwanangu, mmeandikishwa?" Msingoje ugonjwa uulize kwa niaba yenu. Na kama katika nyumba yenu yuko mtu ambaye jina la Ubatizo, la shule na la pasipoti hayafanani, njoni ofisini tulitazame jambo hilo mapema. Niko siku za Jumanne na Alhamisi, baada ya Misa ya asubuhi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa nyumbani. Kaeni na amani.

Wenu,
Karani wa Parokia