Kanisa la Leipzig na Nyimbo Zetu Zisizokusanywa

Mgeni afikaye Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, haondoki kabla ya kuelekezwa kwenye Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mji huo si mgeni kwa wapenzi wa Kiswahili, kwani chuo kikuu chake ni miongoni mwa vile vinavyoifundisha lugha hii barani Ulaya. Aghalabu mgeni huingia kanisani humo kwa moja kati ya sababu mbili: ama anamfuata Johann Sebastian Bach, ama anayafuata maandamano ya mwaka 1989. Makala haya yanadai kwamba atengaye muziki na siasa humo hutoka na nusu ya kisa.

Kanisa hilo lilianzishwa yapata mwaka 1165. Bach alikabidhiwa usimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji huo mwaka 1723. Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, utungo wake kuhusu mateso ya Kristo kwa mujibu wa Injili ya Yohana uliimbwa humo kwa mara ya kwanza. Ikumbukwe kwamba Bach alikusudia uimbwe katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, lakini baraza la mji likashikilia kwamba ni zamu ya Nikolai. Alipolalamika kwamba nafasi ya waimbaji ni finyu na kwamba ala mojawapo imeharibika, baraza lilikubali kurekebisha. Kumbe hata utungo mtakatifu ulipitia mikononi mwa wenye mamlaka kabla ya kuyafikia masikio ya waumini!

Karne mbili na nusu baadaye, mamlaka yalikuwa ya namna nyingine. Tarehe 30 Mei 1968, serikali ya Ujerumani Mashariki ililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu mjini humo, ingawa lilikuwa limenusurika katika vita. Licha ya hayo, kuanzia mwaka 1982, sala za amani zilifanyika Nikolai kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Kuna siku ambapo waliohudhuria walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo, mchungaji Christian Führer na wenzake hawakuufunga mlango. Aaminiye na asiyeamini walikaribishwa sawia.

Tarehe 9 Oktoba 1989, chama tawala kiliwatuma mamia ya wanachama wake wakavijaze viti mapema. Nao pia wakaisikia sala. Jioni hiyo watu wapatao 70,000 walitembea barabarani, wengi wakiwa na mishumaa. Ashikaye mshumaa kwa mkono mmoja na kuukinga kwa mwingine hana mkono wa kurushia jiwe. Mwanamuziki Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, pamoja na wenzake watano walitoa wito wa utulivu uliosikika mjini kupitia vipaza sauti. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Masur alisikilizwa kwa kuwa sanaa ilikwisha kumjengea imani ya watu kwa miaka mingi.

Wapo washikiliao kwamba nyumba ya ibada, sawa na sanaa, haifai kuchanganywa na siasa. Hoja hiyo ina uzito. Kenya inamjua vyema mwanasiasa atoaye mchango kwa mkono mmoja na kushika kipaza sauti cha madhabahuni kwa mwingine. Lakini kumpa mwenye nguvu jukwaa ni jambo moja, na kumpa mnyonge hifadhi ni jambo jingine kabisa. Nikolai lilifanya la pili.

Fauka ya hayo, Nairobi ina Nikolai yake. Mnamo Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipotimuliwa Uhuru Park kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Walikaa humo takriban mwaka mmoja, wakisali na kuimba, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata watu hadi ndani ya kanisa hilohilo na kuwapiga. Je, ni wanafunzi wangapi wapitao hapo kila siku walijuao hilo?

Hapa ndipo penye deni la wanafasihi. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi hufunga safari kwenda mashambani kukusanya nyimbo za jando na za harusi. Ni kazi njema. Lakini nyimbo walizoimba akina mama wale katikati ya jiji nazo ni fasihi simulizi: zina fanani, hadhira, muktadha na dhamira iliyo wazi kama mchana. Waliokuwa vijana mwaka 1992 sasa wana mvi, na wengi wa akina mama hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Leipzig imeyatunza yake, ndiyo maana mgeni huoneshwa. Wanafunzi wa Kiswahili na wachukue vinasa sauti, waende wakawasikilize waliosalia. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.