Mama kapooza, tumemlaza: nani atamsimamisha?



Hali hii bila shaka umeiona kwako au kwa jirani. Mama wa makamo, mwenye shinikizo la damu ambalo hakuwa akilifuatilia, anaamka alfajiri mkono na mguu wa upande mmoja hausikii, mdomo umepinda. Anakimbizwa hospitali, Alhamdulillah anaokolewa, na baada ya siku kadhaa anaruhusiwa. Nyumbani anatandikiwa godoro chumba cha nyuma, na kwa huruma anafanyiwa kila kitu. Analishwa, anaogeshwa, hata kukohoa anashikwa. Huyu kaleta mafuta ya habbat sauda, yule anamfahamu shekhe wa ruqya. Baada ya miezi mitatu vidole vimejikunja havifunguki, bega linamuuma, mgongoni pana vidonda, na sisi tunasema ni qadari ya Allah (s.w.t.).

Kuamini qadari ni nguzo ya imani, hilo halina mjadala. Lakini vidole vile na vidonda vile kwa kiasi kikubwa vingezuilika, na anayefahamu namna ya kuvizuia ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi wetu tukilisikia jina hilo tunadhani ni mtu wa kukanda. Kiharusi hakikuharibu mkono wala mguu, kimeharibu sehemu ya ubongo inayoviamuru. Kwa hiyo kusugua mkono mafuta kutwa nzima hakufiki pale palipoharibika. Kinachosaidia ni kuufundisha upya ubongo uliosalia, kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi sana, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi. Dua na ruqya viendelee, wala havigombani na mazoezi.

Mtaalamu mzuri haanzi na mashine. Anaanza kwa kuuliza: kabla ya kuugua ulikuwa ukifanya nini, na sasa unatamani kurudia lipi? Mama zetu wengi majibu yao yanafanana. Aende chooni mwenyewe, atawadhe, asali bila kushikwa. Basi lile tendo analivunja vipande vipande: kujigeuza kitandani, kukaa ukingoni bila kuanguka, kuinuka kwenye kiti kigumu, kuhamisha uzito kwenye mguu dhaifu, ndipo hatua ya kwanza. Na hapo hapo anawafundisha watu wa nyumbani. Mgonjwa asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega hutoka mahali pake. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya kama saa mbili. Sakafu ya bafu isiachwe na maji. Kijiko anachoweza kukishika asinyang'anywe, hata kama nusu ya uji inamwagika kwenye kanga. Nusu saa ya hospitali mara moja au mbili kwa wiki haitoshi kitu. Kazi yenyewe iko nyumbani.

Katika hadithi mashuhuri ya Imran bin Huswayn, aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Tunaikumbuka ile ruhusa na tunasahau kuwa inaanza na kusimama. Sisemi mgonjwa alazimishwe kusujudu, la hasha, hiyo ni hatari. Nasema uwezo wake usihukumiwe siku ya kwanza ukabaki hivyo hivyo mpaka kaburini.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Mama huyu akipelekwa hospitali, mara nyingi anamkuta mtaalamu ni kijana wa kiume. Kazi hii inataka kumshika mtu kiunoni, mapajani, begani. Mama anaona haya, anahudhuria mara mbili, ya tatu anasema amechoka. Wanazuoni wameruhusu tiba ya asiyekuwa mahram inapokuwa hapana budi, mume au ndugu akiwepo, na mtu asiache matibabu kwa sababu hiyo. Lakini mpaka lini tutaishi kwa ruhusa ya dharura huku mabinti zetu wapo?

Wanaodhani kazi hii haina staha wajue kuwa huko Uingereza chama chake cha kwanza kilianzishwa na wauguzi wanne wanawake mwaka 1894, kwa sababu kazi ya kukanda ilikuwa imeingiliwa na wahuni na wao walitaka kuilinda heshima yake. Yaani heshima ndiyo iliyowakusanya.

Njia yenyewe ni ndefu ila haijafichwa. Inaanzia sekondari, kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hapa ndipo tunapowapoteza, maana binti akisema Fizikia ngumu sisi wazazi ndio wa kwanza kumwambia aiache. Akifaulu, kuna stashahada na kuna shahada. Hapa Tanzania chuo kilichozoeleka kwa miaka mingi ni cha KCMC, Moshi. Huko atasoma mifupa, misuli, mishipa ya fahamu na jinsi mwili unavyotembea, kisha atazungushwa wodini: waliovunjika mifupa, walioungua, wenye vifua, watoto wenye mtindio wa ubongo na wa nyayo zilizopinda. Ni kazi ya kuchosha mgongo na yenye kutaka subira, kwani mgonjwa anaweza kutumia mwezi mzima kujifunza kuinuka kitini. Vijana wa kiume nao waende, wazee wetu wa kiume nao wanapooza.

Kamati zetu za misikiti huchangisha kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, na ni vizuri. Ada ya binti mmoja kwenye fani hii iingizwe katika hesabu hizo hizo, kwa makubaliano kuwa akimaliza atakuwa akiwatembelea wagonjwa wa mtaa.

Na wewe ambaye mgonjwa wako yuko wodini hivi sasa, usikubali atoke kabla hujamuuliza daktari kuhusu fiziotherapia. Omba aandikiwe. Uliza kama yupo mtaalamu wa kike. Nenda na yule atakayekaa naye mchana, hata kama ni mfanyakazi wa ndani, aonyeshwe mazoezi kwa mikono yake mwenyewe.